Upanga wa Kijapani: Namna ya Kuutambua na Kukadiria Thamani Yake, Uwe wa Kale au wa Vita

Panga nyingi za Kijapani zilizoko nje ya Japani zilitoka huko kwa sababu ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 na ukusanyaji wa silaha uliofuata. Mountbatten, aliyeongoza majeshi ya Washirika Kusini-Mashariki mwa Asia, alishikilia kwamba maofisa wa Kijapani wakabidhi panga zao hadharani. Wamarekani nao walizikusanya kwa maelfu ndani ya Japani kwenyewe. Askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) walikuwamo vitani humo: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipigana bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 mpaka ikafika mto Chindwin. Kwa hiyo usishangae upanga wa namna hii ukitokea mnadani Uingereza, kwenye duka la vitu vikuukuu Marekani, au katika sanduku la marehemu babu.

Anayeurithi au anayetaka kuununua huwa na maswali mawili: je, ni wa kweli, na una thamani gani? Majibu hayapatikani kwenye ala wala kwenye mpini. Yako kwenye chuma chenyewe, hasa kile kipande kinachojificha ndani ya mpini, yaani msuka. Soma chuma kwanza, maandishi baadaye, na hadithi ya muuzaji mwisho kabisa.

Kabla hujagusa chochote

Upanga uliokaa kabatini miaka 80 bado unaweza kukata kidole hadi mfupani. Uchomoe ukiwa umeelekeza makali juu, mgongo wa upanga ukiteleza ndani ya ala, bila kuusokota. Usiushike ubapa kwa vidole, maana jasho huacha alama ya kutu kwa muda mfupi tu. Usiujaribu kwenye mgomba wala kwenye karatasi.

Halafu kuna katazo moja ambalo likivunjwa halina dawa: usisugue kutu ya kwenye msuka. Usitumie msasa, brashi ya waya, siki, limau wala mafuta ya kuondoa kutu. Kutu hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upanga. Nimeona msuka uliong'arishwa kama sufuria na mtu mwenye nia njema kabisa, na kwa dakika chache za bidii alikuwa amefuta ushahidi wa karne kadhaa.

Hatua ya kwanza: tenga mavazi na mwili

Mpini, ala, kikingio cha mkono na mapambo yote ni mavazi. Mhunzi wa Kijapani alitengeneza bapa la chuma tu, na bapa hilo liliweza kubadilishwa mavazi mara nyingi katika maisha yake. Ofisa wa mwaka 1940 aliweza kuchukua upanga wa ukoo wake wa miaka ya 1500 na kuuvika mavazi ya jeshi. Mwenzake akanunua upanga mpya wa kiwandani wenye mavazi yale yale. Kwa nje huwezi kuwatofautisha.

Hata hivyo mavazi yana habari zake. Majeshi ya Japani yaliita mitindo ya silaha kwa tarakimu za mwisho za mwaka wa kalenda yao ya kifalme, inayoanza kuhesabu mwaka 660 kabla ya Kristo. Mtindo wa 94 ni wa 1934, na wa 98 ni wa 1938. Yote miwili ni ya maofisa wa jeshi la nchi kavu: mpini uliozungushiwa utepe wa kahawia juu ya ngozi ya samaki taa, na maua ya mcheri kwenye mapambo. Ule wa 94 una pete mbili za kuning'inizia, wa 98 ukabaki na moja. Mtindo wa 97, wa 1937, ni wa wanamaji: ngozi ya taa yake imepakwa rangi nyeusi na ala yake ni ya rangi nzito. Kabla ya hapo, tangu enzi ya Meiji (1868 hadi 1912), maofisa walivaa panga zenye mpini wa Kizungu wenye upinde wa kukinga vidole, ingawa ndani yake huenda likawamo bapa la kale.

Shada la nyuzi linaloning'inia kwenye mpini lilionyesha cheo. Kahawia na buluu ni la maluteni na makapteni, kahawia na nyekundu ni kuanzia meja hadi kanali, na lenye nyuzi za dhahabu ni la majenerali. Ni rahisi mno kulifunga shada la jenerali kwenye upanga wa luteni, kwa hiyo usilipie shada.

Kama mpini ni wa aluminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ili ufanane na utepe, huo ni Mtindo wa 95 wa mwaka 1935, upanga wa masajini. Bapa lake lilitengenezwa kwa mashine, lina mfuo mrefu ubavuni na nambari iliyogongwa karibu na kikingio. Mpini unashikwa na skrubu, wala hakuna jina la mhunzi la kutafuta. Wa mwanzo kabisa walikuwa na mpini wa shaba nyekundu, na wa mwisho wa vita, malighafi zilipokwisha, mpini wa mti uliochorwa miraba. Angalia kama nambari ya bapa inalingana na ya mdomo wa ala, maana zikilingana bei inapanda. Huu ndio upanga unaoghushiwa kuliko wote, hasa kutoka viwanda vya China vya miaka ya karibuni: tarakimu kubwa zilizopinda, rangi iliyomwagika ovyo, mfuo wa kina kisicho sawa. Ukikuta joka limechongwa kwenye ala au mpini wa shaba ya manjano, weka chini.

Kundi jingine la kuepuka ni panga zenye ala na mpini wa mfupa uliochongwa watu na maua tangu juu hadi chini. Hizo zilitengenezwa kuuziwa watalii kuanzia enzi ya Meiji. Ndani yake mara nyingi kuna bati tu.

Hatua ya pili: vua mpini

Upanga wa ofisa au wa kale hushikwa na kipini kidogo cha mwanzi, kiitwacho mekugi, kinachopita kati ya mpini na msuka. Baadhi ya panga za vita zina viwili. Kisukume kwa kijiti butu, ukianza upande ambao kimekonda. Kisha shika mpini kwa mkono wa kushoto, upanga ukiwa umesimama na kulala kidogo nyuma, makali yakitazama mbali nawe. Piga kifundo cha mkono huo wa kushoto kwa ngumi ya kulia, taratibu. Msuka utaanza kulegea. Shika kola ya shaba inayokumbatia bapa juu ya kikingio na uvute bapa juu.

Ukigoma, usipige kwa nyundo. Uache, utafute mtu mwenye uzoefu. Heri ukubali hasara ya muda kuliko kupasua mpini wa zamani.

Vipande vinavyotoka vipange kwa mfuatano wake na uvipige picha. Kwenye panga za vita, kikingio na vyombo vyake vya pembeni mara nyingi vimegongwa nambari ndogo ya fundi aliyeviunganisha. Nambari moja kila mahali maana yake mavazi hayajachanganywa.

Hatua ya tatu: usome msuka

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tazama rangi ya kutu kwanza. Msuka wa karne ya 15 au 16 ni kahawia iliyokolea inayokaribia weusi, laini, kutu yake imeshikamana na chuma. Wa karne ya 17 au 18 ni kahawia iliyo hai zaidi. Wa vita ni wa kijivu, pengine bado unang'aa, na kutu yake ni nyekundu changa huku na huku. Kutu ya machungwa yenye unga na vishimo ni ya kemikali, yaani mtu ameizeesha makusudi.

Pili, mikwaruzo ya tupa. Mhunzi alipiga tupa kwa mpangilio maalumu wa shule yake: mlalo, mshazari, au kama unyoya wa mwewe. Kwenye upanga wa 1942 mistari hiyo ni mikali na dhahiri. Kwenye wa 1500 imefifia hadi unaitafuta kwa mwanga wa pembeni.

Tatu, matundu. Tundu moja ni jambo la kawaida. Mawili au matatu mara nyingi yanasema upanga ulifupishwa. Panga ndefu za wapanda farasi zilikatwa kutokea chini ili zivaliwe kiunoni, na jina la mhunzi likaenda na kipande kilichokatwa. Kwa hiyo upanga usio na jina usiudharau, kwa kuwa baadhi ya kazi bora za karne ya 13 na 14 hazina maandishi hata chembe.

Nne, maandishi. Jina la mhunzi huwa upande mmoja, tarehe upande wa pili. Huhitaji kujua Kijapani chote. Tafuta alama chache: 住 ni "mkazi wa", 作 na 造 ni "alitengeneza", 守 ni cheo cha heshima kilichofuata jina la jimbo, na 年, 月, 日 ni mwaka, mwezi na siku. Ukiona 昭和 uko enzi ya Showa. Soma tarakimu zinazofuata (一 ni 1, 二 ni 2, 三 ni 3, hadi 十 ambayo ni 10) kisha ongeza 1925. Showa ya 17 ni 1942. Tarehe za kale zikitaja mwezi wa pili au wa nane usidhani wahunzi walilala miezi mingine. Ilikuwa desturi ya kuandika hivyo.

Chunguza pia kutu ndani ya mistari ya jina. Iwe sawa na ya nje. Jina lenye kingo za kung'aa juu ya msuka mweusi limeandikwa jana.

Na hata jina la zamani linaweza kuwa la uongo. Wajapani wenyewe wameghushi majina ya wahunzi wakubwa kwa mamia ya miaka, na aliyeandika "Kotetsu" au "Masamune" hakuwa anamdanganya mtalii, alikuwa anamdanganya samurai. Kadiri jina linavyokuwa kubwa ndivyo shaka iwe kubwa. Jina lingine litakalokujia mara nyingi ni Sukesada wa Osafune, jimbo la Bizen. Katika vita vya karne ya 16 warsha za huko zilizalisha panga kwa wingi, na wahunzi wengi walitumia jina hilo hilo. Sukesada mwenye maandishi mafupi kwa kawaida ni kazi ya jumla. Yule aliyeongeza jina lake binafsi, kama Yosozaemon, alifanya kazi ya kuagizwa, na thamani yake ni nyingine kabisa.

Mihuri ya wakati wa vita

Kwenye msuka wa kati ya miaka ya 1930 na 1945 tafuta muhuri mdogo uliogongwa karibu na jina. Alama 昭 au 関 (ya mji wa Seki, kitovu cha viwanda vya panga) karibu kila mara inaonyesha upanga usio wa kimila: chuma cha kawaida, ukapoozwa kwa mafuta badala ya maji. Panga za aina hiyo huitwa showato. Nyota ni habari njema. Iligongwa kwenye kazi za wahunzi walioteuliwa na jeshi la nchi kavu, waliopewa tamahagane, ile feleji inayoyeyushwa kutoka mchanga wa chuma, wakafua kwa njia ya kale. Nanga ni ya wanamaji, na nanga ndani ya duara mara nyingi huambatana na bapa la chuma kisichoshika kutu.

Maandishi ya rangi nyekundu au nyeupe yaliyopakwa kwa brashi ni kumbukumbu za warsha tu. Yaache yalivyo.

Wahunzi wa hekalu la Yasukuni, Tokyo, walifanya kazi kuanzia 1933 hadi 1945. Majina yao huanza na alama 靖, hawakugonga muhuri wa nyota, na kazi yao inatafutwa sana. Panga za Mantetsu, zilizotengenezwa na kampuni ya reli ya Manchuria kwa chuma kilichobuniwa kustahimili baridi kali, hazimo katika kundi la kimila, lakini wakusanyaji wanazipenda, na mimi naona wana haki.

Hatua ya nne: pima na utazame umbo

Urefu hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi pengo dogo lililo mgongoni, msuka unapoanzia. Usifuate mkunjo, usipimie kwenye kikingio. Kipimo cha Kijapani, shaku, ni sentimita 30.3. Chini ya shaku moja ni tanto, kati ya moja na mbili ni wakizashi, zaidi ya sentimita 60.6 ni katana au tachi.

Umbo lina zama zake. Mkunjo mkubwa ulio karibu na mpini, ubapa unaokonda kuelekea ncha ndogo, ni wa panga za awali za wapanda farasi. Ncha ndefu na ubapa mpana hukumbusha karne ya 14. Upanga ulionyooka karibu kabisa, unaokonda sana kwenye ncha, ni wa miaka ya Kanbun, 1661 hadi 1673. Umbo peke yake si hukumu, kwa kuwa wahunzi wa baadaye waliiga, lakini umbo likipingana na jina, amini umbo.

Hatua ya tano: hamoni na nyuzi za chuma

Mhunzi alipaka udongo kwenye bapa, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, akalichoma na kulizamisha majini. Makali yakawa magumu, mgongo ukabaki na unyumbufu, na mpaka kati ya sehemu hizo mbili ndio hamoni. Shikilia upanga chini ya balbu moja, uelekeze kwenye mwanga hadi karibu upofuke, kisha uupindishe polepole. Hamoni ya kweli ina kina. Utaona chembe zinazometa au ukungu mweupe, na ndani yake vijistari vinavyotokea na kupotea.

Hamoni ya uongo iliyochorwa kwa asidi huonekana vilevile kutoka kila upande, nyeupe na bapa. Tahadhari moja: msafishaji stadi naye huweupisha eneo la makali ili kupendezesha, na weupe huo si hamoni yenyewe. Iliyopoozwa kwa mafuta iko katikati: ni ya kweli, lakini ndani yake kumetulia mno. Fuata hamoni hadi kwenye ncha, ambako inapaswa kugeuka na kurudi mgongoni.

Juu ya hamoni tafuta nyuzi zinazotokana na kukunja na kufua chuma mara nyingi, mfano wa mbao zilizorandwa. Zisipoonekana si ushahidi kamili, kwani baadhi ya panga za karne ya 19 zimebanwa hadi zikawa kama kioo. Nyuzi kubwa za weusi na weupe zinazopiga kelele kutoka mbali ni za kisasa, za kuuzia wasiojua.

Dosari zinazoua na zisizoua

Ufa mwembamba kama unywele unaovuka makali kwa pembe mraba ndio msiba mkubwa. Unaitwa hagire, haurekebishiki, na huangusha bei hata ya mhunzi mashuhuri. Utafute kwa kioo cha kukuzia, sentimita kwa sentimita. Hamoni iliyotoweka kwenye ncha kwa sababu ya kunolewa kupita kiasi ni hasara kubwa pia, sawa na upanga ulioungua moto ukapoteza ugumu.

Lengelenge, mipasuko midogo inayofuata nyuzi za chuma, na mabaka ya chuma cha ndani vinapunguza thamani bila kuiondoa. Alama ya kukatwa na upanga mwingine, ikiwa mgongoni, wengi huiacha kwa heshima.

Hatua ya sita: thamani, karatasi na msafishaji

Kwa mpangilio wa kawaida, showato ya kiwandani iko chini, upanga wa kimila wa karne ya 20 juu yake, kisha wa kale kulingana na mhunzi, hali na umbo. Upangilio huu huvunjika mara kwa mara: mhunzi mzuri wa 1943 anaweza kumshinda Sukesada wa jumla aliyechoka.

Uthibitisho unaokubalika zaidi hutolewa Tokyo na NBTHK, shirika la kuhifadhi panga za sanaa za Kijapani, lililoanzishwa 1948. Ngazi zake ni Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Za juu hupandisha bei hadi makumi ya maelfu ya dola na kuendelea. Vyeti vyake vya zamani, vilivyotolewa kabla ya ngazi za Hozon kuanza mwaka 1982, vitazame kwa jicho la pili, hasa vikitaja jina kubwa.

Usitume showato Japani. Sheria ya huko husajili panga za sanaa pekee, na upanga wa kiwandani ukifika forodhani hautarudi.

Kusafishwa na mtaalamu aliyefunzwa hugharimu dola elfu kadhaa kwa katana moja. Kwa upanga wa kawaida wa vita gharama hiyo huzidi bei yake, kwa hiyo uache ulivyo. Kwa ulio na dalili za ubora, omba afungue dirisha dogo, sentimita chache tu, ili chuma kionekane kabla ya kuamua. Fundi wa visu mwenye mashine ya kung'arisha usimpe hata kwa kushikiwa bastola.

Ukitaka maoni, piga picha za msuka mtupu pande zote mbili, kamera ikiwa imenyooka juu yake na mwanga ukitoka ubavuni, kisha ncha, kisha upanga mzima bila mavazi. Hata duka la kawaida linaweza kuficha hazina: mwaka 1963 Walter Compton, mkusanyaji wa Marekani, alirudisha kwa hekalu la Terukuni huko Kagoshima upanga wa mhunzi wa kale Kunimune alioununua kwenye duka la vitu vikuukuu. Ulikuwa umeandikishwa Japani kuwa hazina ya taifa, na ulipotea baada ya vita.

Kwa uhifadhi, futa ubapa kwa kitambaa laini na upake utando mwembamba sana wa mafuta safi ya madini. Ya Kijapani huwa na harufu ya karafuu. Mombasa au Tanga, kwenye chumvi ya bahari, angalia kila mwezi. Ukikuta kibao cha mti au kitambaa chenye maandishi kimefungwa kwenye mpini, usikifungue: huenda kikawa na jina na anwani ya ofisa aliyeusalimisha.